Kukusanya chapa za mbao za kale za Kijapani ukiwa Dodoma

Dodoma ni mji wa mihuri. Barua isiyo na muhuri wa mtendaji haifiki mbali, na karani wa masjala akipokea jalada jicho lake huenda kwenye muhuri kabla ya maneno. Jicho hilo ndilo mtaji wa kwanza wa anayetaka kukusanya chapa za mbao za Kijapani. Wengi huanza na picha yenyewe: wimbi, mlima Fuji, mwigizaji aliyekodoa macho. Wanaipenda, wanalipa, kisha wanaletewa bango la duka la makumbusho. Umri wa chapa unasomwa kwenye mihuri, kwenye karatasi na mgongoni mwake.

Kinachonunuliwa ni nini hasa

Chapa ya enzi ya Edo (1603–1868) ilipita mikononi mwa watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani na kuchonga akifuata mistari, kwa hiyo mchoro wenyewe uliangamia palepale. Mwisho mpiga chapa alipaka rangi ya maji kwenye ubao, akalaza karatasi yenye unyevu juu yake, akasugua mgongo wa karatasi kwa baren, kisahani cha kamba iliyosokotwa na kufunikwa kwa ganda la mwanzi. Kila rangi ilikuwa na ubao wake. Chapa za rangi nyingi za namna hii zilianza mwaka 1765, na jina linalotajwa nazo ni Suzuki Harunobu.

Kwa hiyo usimwulize muuzaji "mchoro halisi" uko wapi. Haupo. Pia hakuna namba ya nakala pembeni. Mbao zilichapwa mpaka zikachakaa, na wateja wa mwanzo walipata mistari mikali kuliko wa mwisho. Tukisema "chapa halisi" tunamaanisha karatasi iliyochapwa kwa mbao za awali, katika zama zake.

Mwenye khanga kabatini hatapata shida kuisoma karatasi hii. Khanga ina mji, pindo na jina. Chapa nayo ina picha katikati, kisanduku cha jina la mfululizo (mara nyingi juu kulia), saini ya mchoraji, alama ya mchapishaji na muhuri wa ukaguzi. Saini huishia kwa herufi 画 au 筆, yaani "amechora". Tafuta vitu hivyo vitano kwenye kila picha unayoiona mtandaoni, hata usiyokusudia kuinunua. Ukizitazama hivyo mia moja, jicho litakuwa limezoea.

Kusoma muhuri wa ukaguzi

Serikali ya Edo ililazimisha michoro ikaguliwe kabla ya kuchapwa, na muhuri wa idhini ulichongwa ndani ya ubao. Mtindo wa muhuri ulibadilika mara kwa mara, na mabadiliko hayo ndiyo saa yetu.

Muhuri mmoja wa duara wenye herufi 極, unaosomwa kiwame, ulitumika kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1790 hadi 1842. Huo unakupa nusu karne nzima, kwa hiyo peke yake hausaidii sana. Lazima umjue mchoraji. Baada ya hapo kazi ilipewa wakaguzi waliotia majina yao. Muhuri mmoja wa jina ni 1842 hadi 1847 hivi. Mihuri miwili ya majina, ubavu kwa ubavu, ni 1847 hadi 1852. Mihuri miwili ya majina pamoja na wa tatu wenye tarehe ni 1852 na 1853. Kisha majina yakaondoka: muhuri wenye 改 (aratame, "imekaguliwa") na wa tarehe ukiwa kando yake ni 1853 hadi 1857, tarehe peke yake ni 1858, na kuanzia 1859 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870 tarehe na 改 vilibanwa ndani ya duara moja. Tangu 1876 utaona badala yake tarehe na anwani ya mchapishaji vimeandikwa kwenye pambizo.

Tarehe yenyewe ni mnyama na mwezi. Wanyama ni kumi na wawili na hawabadili foleni: panya 子, ng'ombe 丑, chui milia 寅, sungura 卯, joka 辰, nyoka 巳, farasi 午, kondoo 未, nyani 申, jogoo 酉, mbwa 戌, nguruwe 亥. Panya ni 1852, nguruwe ni 1863, kisha panya anarudi 1864. Ziandike kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya daftari lako.

Chukua mfano: karatasi ya mwigizaji iliyosainiwa Toyokuni. Chini ya saini pana muhuri mdogo wenye 改, na juu yake mwingine wa umbo la yai wenye 寅 na 八. Chui milia, mwezi wa nane. Chui milia ni 1854 au 1866. Kwa kuwa 改 na tarehe vimetengana, tuko kati ya 1853 na 1857, kwa hiyo ni 1854. Na Toyokuni wa mwaka 1854 ni Kunisada, aliyelichukua jina la mwalimu wake mwaka 1844 na kufariki 1865. Hapo tumepata mwaka, mwezi na mtu bila kusoma neno la Kijapani.

Mambo mawili ya kuangalia. Mwezi wa kwanza mara nyingi huandikwa 正 badala ya 一. Na miezi hiyo ni ya kuandama, kama tunavyohesabu Ramadhani, si ya kalenda ya ofisini. Japani ilihamia kalenda ya sasa tarehe 1 Januari 1873. Mwezi wa nane wa 1854 usiuite Agosti.

Sasa mtego. Muhuri umechongwa kwenye ubao pamoja na picha, kwa hiyo anayechonga ubao mpya ili kuiga picha huuchonga na muhuri. Fotokopi ya barua nayo ina muhuri. Muhuri husema picha iliruhusiwa lini. Hausemi karatasi uliyoishika ilichapwa lini. Hilo linaulizwa kwa karatasi.

Karatasi na mgongo

Vifaa ni vitatu: lenzi ya kukuza mara 10, tochi ya simu na rula. Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Glavu za pamba hukunyima hisia ya ncha za vidole na ndizo zinazochana kona.

Anza na lenzi. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa kama matundu ya chandarua, ni uchapaji wa mashine. Weka chini, kazi imekwisha. Rangi iliyochapwa kwa mbao hulala bapa na nyuzi za karatasi huonekana kupitia kwake.

Geuza. Chapa ya kale imelowa: rangi imepenya hadi mgongoni, hasa nyeusi na buluu, na mara nyingi utaona mizunguko ya baren. Mgongo mweupe kama karatasi ya ofisini ni dalili mbaya. Halafu inua karatasi dhidi ya mwanga. Karatasi ya kozo, inayotokana na magome ya mti wa jamii ya mforosadi, huonyesha mistari myembamba ya chekecheo la mianzi na nyuzi ndefu zilizotawanyika. Shika kona kwa upole. Inapaswa kuwa laini, karibu na kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Pima. Ukubwa uliozoeleka, oban, ni takriban sm 38 kwa 26. Chuban ni kama nusu yake, sm 26 kwa 19. Picha ya mchoraji Hiroshige iliyotolewa kwa oban ya mlalo, ikija na upana wa sm 24, ni nakala iliyopunguzwa, hata kama ilichapwa kwa mbao kweli.

Kipimo cha mwisho ni kulinganisha. Makumbusho makubwa, likiwemo Museum of Fine Arts la Boston lenye makumi ya maelfu ya chapa za Kijapani, yameweka picha zake mtandaoni bure, na tovuti ya ukiyo-e.org hukuruhusu kupakia picha uliyopiga kwa simu ikakutafutia zinazofanana. Chagua sehemu tano: nywele za paji la uso, mkunjo wa nguo, herufi moja ya saini, ukingo wa kisanduku, ncha ya tawi. Mstari uliokatika kwenye yako lakini mzima kwenye ya makumbusho ni kawaida, ubao umechakaa. Kwenye wimbi la Hokusai la mwaka 1831 hivi, mpaka wa kisanduku cha jina umekatika katika chapa za baadaye, na wataalamu hupanga nakala kwa mapengo kama hayo. Lakini mstari unaopinda upande mwingine ni mkono mwingine: ubao umechongwa upya.

Nakala za namna hiyo si lazima ziwe utapeli. Karakana kama Adachi ya Tokyo hutengeneza nzuri sana kwa mbao na husema wazi. Utapeli ni bei.

Rangi nazo husema. Buluu kali ya Prussia ilienea kwenye chapa kuanzia 1830 hivi. Ikiwa kwenye karatasi inayodaiwa kuwa ya Utamaro, aliyefariki 1806, muuzaji aeleze. Nyekundu na zambarau zinazopiga kelele ni rangi za viwandani zilizoingia miaka ya 1860 na kutawala enzi ya Meiji, iliyofuata ile ya Edo. Wengine huzidharau. Hatuoni sababu.

Uanze na nani, kwa kiasi gani

Machi 2023 nakala ya wimbi la Hokusai iliuzwa Christie's New York kwa dola milioni 2.76. Hilo tuliache hapo. Kunisada na wanafunzi wake walitoa maelfu kwa maelfu ya picha, na karatasi moja ya waigizaji, imara ingawa imekatwa pambizo, mara nyingi hupatikana kwa dola 40 hadi 150. Kunichika (1835–1900) na Chikanobu (1838–1912) wako hapohapo. Hiroshige wa kweli huanzia juu zaidi, na mfululizo wake wa mandhari mia za Edo (jina la zamani la Tokyo) wa 1856 hadi 1858 umenakiliwa mno kiasi kwamba haufai kuwa ununuzi wa kwanza. Mchoraji Yoshitoshi anapanda bei kadiri wanaomjua wanavyoongezeka.

Nunua karatasi nzuri ya mchoraji mdogo kabla ya karatasi mbovu ya mkubwa. Matundu machache ya bungua pembezoni yanavumilika, na mkunjo wa katikati pia, maana nyingi zilihifadhiwa kwenye albamu. Pambizo lililokatwa hupunguza bei bila kuua picha, ila lisifike kwenye muhuri au saini. Kinachoua ni kupauka. Nyekundu ya beni, itokanayo na maua, hugeuka rangi ya chai. Buluu ya zamani ya maua hupotea kabisa, na zambarau iliyochanganywa kwa hizo mbili hubaki kahawia. Wala hakuna fundi wa kuirudisha. Kagua pia kama karatasi imegandishwa kwenye nyingine mgongoni; wakati mwingine hiyo ndiyo inayoficha kilichochanika.

Kabla ya kulipa mwombe muuzaji picha tano: mbele nzima, mgongo mzima, muhuri kwa karibu, saini kwa karibu, na karatasi ikiwa imeinuliwa dhidi ya dirisha. Anayekataa kupiga picha ya mgongo amekwisha kujibu. Angalia maneno yake: "kwa mtindo wa" na "kufuatia Hiroshige" ni lugha ya adabu ya kusema si yenyewe.

Kuileta hadi Dodoma

Minada ya Japani ndiyo yenye bei nafuu, lakini wauzaji wengi huko hawatumi nje, kwa hiyo utapitia wakala kama Buyee au ZenMarket anayenunua kwa niaba yako, kukusanya vifurushi na kutuma. Ada yake, usafiri wa ndani ya Japani na usafiri wa kimataifa vyote hujumlishwa. Nunua tatu au nne kisha zitumwe pamoja; kutuma moja moja ni kulipia bahasha.

Kodi usiisahau. VAT ya Tanzania Bara kwa bidhaa zinazoingia ni asilimia 18, na inahesabiwa kwa thamani pamoja na usafiri na ushuru wowote. Karatasi ya dola 80 yenye usafiri wa dola 25 inabeba VAT ya dola 18.90 hata kabla ya ushuru mwingine. Katika orodha ya forodha vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100 vina kichwa chao, 97.06. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara mwaka wa chapa na neno la kuonyesha ni ya kale, kisha uulize TRA kiwango kabla mzigo haujaondoka. Ankara iliyoandikwa "poster" itakugharimu maswali. Inayodanganya bei itakugharimu fidia mzigo ukipotea.

Agiza ufungashaji bapa. Chapa iwe ndani ya mfuko wa plastiki safi, katikati ya kadibodi mbili zenye mikunjo ya ndani kama bati, zilizopishanishwa ili mikunjo yake isielekee upande mmoja, na kila upande uzidi karatasi kwa sm 3. Usikubali mrija, karatasi ya miaka 170 iliyoviringishwa huja na mikunjo ya kudumu. Weka namba ya simu pamoja na S.L.P., na ukiitwa Posta nenda siku hiyohiyo. Mzigo usiokaa kwenye buti la basi juani ni mzigo mzima.

Jua, vumbi na mchwa

Hapa ndipo Dodoma ina masharti yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua halina wingu kwa miezi mingi, na mvua hujibana kati ya Desemba na Aprili. Ukavu una faida: ukungu unaosumbua wakusanyaji wa Tanga na Zanzibar hapa hauna nguvu. Lakini kiangazi karatasi hukauka, hujikunja na kukatika ukiikunjua kwa pupa. Lengo ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usioyumba. Kipima unyevu kidogo kwenye sanduku kitakuonyesha hali ilivyo.

Zihifadhi zikiwa zimelala, kila moja kwenye folda ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku lenye kifuniko. Sanduku likae kwenye kabati la chuma, chumba cha ndani, kimo cha kifua. Juu, karibu na bati, ni tanuri. Chini ni kwa mchwa. Kabati lisiguse ukuta, liache nafasi ya sm 10, na kila Jumamosi pitisha tochi nyuma yake kutafuta vichuguu vya udongo. Usipulize dawa ndani ya kabati wala kuweka naftalini pamoja na karatasi. Ukiona unga mpya wa bungua, funga chapa kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyobanwa hewa, iweke kwenye friza wiki mbili, kisha iache nje saa 24 bila kufungua, isije ikatoa jasho.

Kuna mazoea ya mjini ya kulindia vyeti kwa kuvilamineti steshenari. Chapa ikilaminetiwa imekufa. Selotepu nayo: gundi yake huingia kwenye nyuzi na kugeuka njano.

Ukitaka kuitundika, mpe fundi fremu maelekezo kwa maandishi, maana akiachiwa ataibandika kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao. Kwa oban agiza fremu ya sm 51 kwa 38. Kadibodi ya mbele, isiyo na asidi, ikatwe dirisha linaloacha mm 5 kuzunguka karatasi ili pambizo na mihuri vionekane, na unene wake uweke nafasi ya mm 3 kati ya chapa na kioo. Chapa ishikwe kwa kona nne za karatasi zilizokunjwa kama bahasha. Zinaibeba bila gundi yoyote. Nyuma, ziba mwanya wa fremu kwa utepe wa karatasi, maana vumbi jekundu la Agosti hupita penye tundu la sindano.

Mahali pa kutundika ni ukuta wa ndani usiotazama dirisha, na si ukuta wa magharibi unaochemka jioni. Mwanga wa lux 50 unatosha. Programu ya simu itakukadiria. Kioo cha kuzuia miale ya jua husaidia, ila hakizuii mwanga wenyewe, na mwanga hujumlishwa kama deni lisilolipika. Tundika miezi mitatu, kisha irudi gizani na nyingine ipande.

Kila chapa iwe na karatasi yake ya kumbukumbu, iandikwe kwa penseli kwenye folda, kamwe si kwenye chapa: mchoraji, mfululizo, mchapishaji, mihuri na jinsi ulivyoisoma, vipimo, kasoro, bei, muuzaji, tarehe ya kupokea. Siku ya kwanza piga picha ya mbele na mgongo karibu na kadi nyeupe. Baada ya miaka miwili piga tena mahali palepale na kadi ileile, uzilinganishe. Ikiwa nyekundu imesogea, chapa hiyo isirudi ukutani.